Mama Aliyejibu "Vilevile"

Niseme mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Mimi ni mtoto wa Chang'ombe, Dodoma, niliyelelewa kwa vitumbua alivyokaanga mama yangu barazani. Stashahada yangu ya uuguzi wa magonjwa ya akili niliipata Uingereza, bila mjomba wizarani wala baba mwenye jina. Mchana nilisoma, jioni niliosha vyombo mkahawani hadi vidole vikachubuka. Niliporudi niliitia stashahada ile kwenye fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni mahali ambapo kila anayeingia lazima aione, na mpaka leo ipo palepale. Wanaosema najisifu hawakosei. Najisifu kwa kuwa mzigo ule niliubeba peke yangu.

Nilirudi wakati maduka yameanza kujaa tena. Nilipoondoka tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni. Niliporudi, kila genge la Chang'ombe lilikuwa na sabuni za kila rangi, mitumba imetandazwa hadi barabarani, na vijana niliowaacha wakicheza gololi sasa wanauza redio za kaseti. Kila mtu alikuwa na biashara yake. Wenzangu walishangaa kwamba mtu ametoka Ulaya anakwenda kufanya kazi hospitali, tena ya wagonjwa wa akili.

"Ungefungua duka la dawa," aliniambia rafiki yangu mmoja. "Huko kwa vichaa utapata nini?"

Sikumjibu ukweli wote. Sisi watoto wa mtaa ule, aliyekataa kulala mchana aliambiwa atapelekwa huko akatiwe umeme kichwani. Niliogopa umeme ule kabla sijajua kusoma. Hofu hiyo nilisafiri nayo, nikasoma nayo darasani, nikafaulu mtihani nayo, na ilinisubiri mlangoni siku ya kwanza nilipopangiwa chumba cha tiba ya umeme katika hospitali ambayo sitaitaja.

Kilikuwa chumba cha mwisho koridoni, chenye dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi nusu ili watu wa nje wasione. Ndani kulikuwa na kitanda cha magurudumu, mtungi wa oksijeni, pampu ya kufyonza mate inayoendeshwa kwa mguu, na mashine yenyewe, kisanduku kidogo chenye vifundo, ambacho mtu asiyekijua angedhani ni redio. Nilikuta wanaosubiri zamu wameketi kwenye benchi mlangoni kabisa, wakisikia kila kitu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulihamisha benchi lile hadi upande wa pili wa jengo, kwenye jua la asubuhi. Cha pili, nilikataa katakata mgonjwa yeyote apewe tiba ile akiwa macho. Nilimsumbua daktari wetu hadi akapatikana mtaalamu wa dawa ya usingizi wa kuja kwetu siku za tiba.

Mhudumu wetu mkongwe, mwanamume aliyekuwa na kazi ya kusukuma kitanda na kushika miguu ya wagonjwa, alinipa jina siku hiyohiyo.

"Mama Ulaya huyu," aliwaambia wenzake nikisikia, "anataka wagonjwa walale usingizi kama wako gesti. Kesho atawaletea na magazeti."

"Na wewe nitakuletea saa," nikamjibu, "ujue kwamba kazi huanza asubuhi."

Alicheka, na tangu hapo tulielewana.

Binti ninayetaka kumweleza aliletwa kutoka Busi, huko Kondoa, katika ile miezi ya baridi ambayo upepo wa Dodoma hubeba vumbi hadi kwenye meno. Alikuja kwa basi, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwa mama huyohuyo. Binti alijifungua salama, akatimiza arobaini, kisha akanyamaza. Aliacha kusema, akaacha kunyonyesha, mwishowe akaacha kula. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumfuata mtu. Ukiinua mkono wake ulibaki hewani hadi uushushe mwenyewe. Tulimlisha maziwa kwa mpira uliopita puani, na bado mifupa ya mabega yake ilizidi kuchomoza. Daktari hakunificha kitu: asipofungua kinywa atakufa, na tiba ya umeme ndiyo iliyobaki.

Aliyepaswa kuelezwa ni mama mtu. Nilimkuta nje ya wodi akimnywesha mjukuu wake maziwa kwa kijiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu nyumbani kwake walisema Kirangi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umeme huo," akauliza, "ndio ule wa kwenye waya?"

"Ndio huohuo, mama, ila ni kidogo sana. Unapita upesi kuliko mtu kupiga chafya."

"Kwetu radi ilipiga ng'ombe wa jirani. Na yenyewe ilipita upesi."

Nilimshika mkono nikamwambia, "Nitamwingiza mimi na nitamtoa mimi. Akifumbua macho, wa kwanza kumwona ni mimi." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye stashahada ukutani. Mama akakubali. Kuanzia hapo nililala na ahadi ile kifuani kama jiwe, maana nilijua vizuri kuliko yeye mambo yanayoweza kuharibika katika chumba kile.

Katika mazungumzo yetu alinisimulia waliyopitia kabla ya kufika kwetu. Walimpeleka binti kwa mganga wa kienyeji kijiji cha pili, na baada ya dawa za huko alikunywa maziwa nusu kikombe. "Nikatoka nje," alisema mama, "nikawaambia majirani, mwanangu amepona. Nikapiga na vigelegele. Kesho yake akafunga meno hivi." Akauma meno kunionyesha. Nilimpa pole. Siku nyingine mwanamke mmoja wodini alikisifu kichanga kile, akasema kina mashavu kama andazi. Mama alikifunika uso haraka kwa kanga. "Aa, huyu mgonjwa huyu," akasema. "Ana homa." Mtoto hakuwa na homa yoyote, nilikuwa nimempima mwenyewe. Nikacheka, nikaendelea na kazi.

Tiba ilianza. Jioni ya kuamkia siku ya tiba nilichomoa mpira wa puani, kwa sababu mgonjwa anayelazwa kwa dawa ya usingizi lazima tumbo lake liwe tupu. Akiwa amelala koo halijilindi. Kilichomo tumboni kikipanda, kinaingia mapafuni. Nilimweleza mama jambo hilo na akalirudia mwenyewe kunionyesha ameelewa. Asubuhi nilimwosha binti nywele kwa sabuni kuondoa mafuta, nikamtoa vibanio na hereni, nikahakikisha amekwenda haja, nikapapasa meno yake kama kuna linalocheza, nikapima mapigo. Kisha nikamuuliza mama maneno yaleyale kila mara.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Vilevile."

"Usiku hakutia kitu kinywani?"

"Atie nini, na kinywa kimefungwa."

Mara za kwanza zilipita salama. Watu wengi hudhani kinachotisha pale ni umeme. Mimi umeme niliuzoea. Daktari anabana zile pamba zilizoloweshwa maji ya chumvi pande mbili za paji la uso, anasema "tayari", vidole vya miguu vinatetemeka, uso unakunjamana, basi. Kilichonitisha ni kimya kinachofuata, kabla kifua hakijakumbuka kazi yake. Hapo ndipo muuguzi anapojulikana. Unashika taya, unatazama rangi ya midomo, unasikiliza. Pumzi ikirudi, unamgeuza mgonjwa ubavu, unakaa karibu na uso wake, na akifumbua macho unamwambia yuko wapi na nani anamngoja, kwa maana anaamka hajui hata jina lake. Sikumwachia mtu mwingine kazi hiyo hata siku moja.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa na upepo mkali, mabati ya jikoni yakigonga. Nilipokuwa nikimwosha binti nywele, vidole vyake vilijifunga kwenye kidole changu. Nilimkimbilia daktari.

"Amenishika mkono."

"Amekushika, au amekakamaa?"

"Daktari, mimi ndiye niliyeshikwa. Najua tofauti."

Daktari akatabasamu. Nikaenda kwa mama, nikauliza ninayouliza siku zote. Alikuwa ameinamia mtoto, akimfunga mgongoni, na hakuinua uso.

"Vilevile," akasema. "Atie nini, na kinywa kimefungwa."

Tukamwingiza. Mtaalamu wa dawa ya usingizi akadunga sindano, kope zikashuka. Nikamweka mpira wa kuuma katikati ya meno. Mhudumu akashika miguu. Daktari akasema "tayari". Vidole vikatetemeka, vikatulia. Kimya kikaja. Nilishika taya nikingoja kifua, na kifua kikapanda, nami nikaanza kumgeuza ubavu wa kushoto nikijisemea leo pia imepita.

Ndipo nikasikia sauti kooni, kama maji yanayochemka ndani ya chungu kilichofunikwa. Kitu cha kijivu kikatoka puani kwake, kikafuata mdomoni, kikanimwagikia kwenye aproni. Nilikijua kwa harufu kabla ya kukiangalia vizuri. Ulikuwa uji wa uwele.

"Teremsha kichwa," nikamwambia mhudumu. "Pampu."

Hakutania. Alishusha upande wa kichwa wa kitanda, akakanyaga pampu kwa nguvu zake zote, nami nikaingiza mrija mdomoni nikafyonza. Uji ukazidi kuja. Kifua cha binti kilijikaza, kikavuta, hewa haikupita. Midomo yake ikaanza kugeuka, kwanza kama majivu, kisha kama zambarau. Mtaalamu wa usingizi akaingiza kifaa chake chenye taa kooni kutafuta njia, akisema "fyonza, fyonza hapa", na mkono wangu ukafanya kazi yake bila kutetemeka. Hilo nitajisifia hadi nizikwe. Lakini ndani nilikuwa mtoto wa Chang'ombe aliyejificha chini ya kitanda asipelekwe kwenye umeme. Nilikuwa nikisema "Ya Latifu, ya Latifu", maneno ambayo mama yangu alinisomea nikiwa na homa, na sijui kama nilikuwa nayasema kwa sauti. Nilichokiona mbele yangu si maiti. Nilimwona yule mama nje, amemfunga mtoto mgongoni, na mimi nikifungua mlango kumtokea.

Mhudumu alikuwa akihema kuliko mgonjwa. "Bado?" akauliza.

"Kanyaga tu, baba."

Kisha binti akakohoa. Kilikuwa kikohozi kibaya, chenye mkwaruzo, na sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo. Akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi. Oksijeni ikaingia. Midomo ikarudi polepole. Macho yalipofumbuka nilikuwa nimeinama usoni kwake, kama nilivyoahidi.

"Uko hospitali, Dodoma," nikamwambia. "Mama yako yuko nje. Mwanao anaye, ameshiba. Kohoa. Usiogope kukohoa."

Tulipomfikisha kitandani wodini, daktari akaweka kipimo mgongoni mwake, akasikiliza upande wa kulia kwa muda mrefu zaidi ya kushoto, akaniangalia. Wote wawili tulijua. Uji ukishaingia mapafuni hata kidogo, homa hufuata, na mwili ule haukuwa na nyama ya kupigana na homa.

Mama alikuwa amesimama koridoni. Alikuwa amesikia kikohozi.

"Mama," nikamwambia, "mwanao amekula nini leo?"

"Hajala. Vilevile."

"Mama. Uji uko hapa kwenye aproni yangu."

Alitazama lile doa. Akalisogelea, akaligusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa kidonda cha mtoto, kisha akakaa sakafuni, mtoto mgongoni.

"Ni wangu," akasema.

Nikakaa sakafuni pia, na aproni yangu chafu. Alinisimulia kwa sauti ya chini. Alfajiri alikuwa amejipikia uji wake kule wanakopikia ndugu wa wagonjwa, akarudi na bakuli kando ya kitanda. Alipoanza kunywa, binti akageuza kichwa. Mwenyewe, bila kuguswa. Akatazama bakuli, akafungua mdomo.

"Nikampa kijiko, akameza. Nikampa kingine. Akaninyang'anya bakuli kwa mkono wake, mwanangu. Kwa mkono wake. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikajiziba mdomo kwa kanga. Nikamfuta, nikamsukutua, nikaosha bakuli."

"Mbona hukuniambia? Nilikuuliza. Nilikueleza kuhusu tumbo."

"Ulinieleza."

"Sasa?"

"Mara ya kwanza nilisema," akajibu. "Mara ya kwanza nilisema, akafunga meno. Nikaona, nisiposema, mtakapomtoa humo atakuwa bado anakula."

Nilikuwa na hasira, na sikuwa na pa kuiweka. Kwa muda wote ule tulikuwa tunangoja mdomo ule ufunguke. Ulikuwa umefunguka, na kidogo umuue.

"Basi nimemuua mimi," mama akasema.

"Hajafa. Anapumua. Tena nakuambia—"

"Nyamaza, mwanangu." Alinishika mkono kwa nguvu. "Usimalize."

Sikumaliza. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuninyamazisha, nikafunga mdomo palepale sakafuni.

Homa ilikuja jioni. Daktari akaandika sindano za kuua vijidudu. Nilimwinua binti kwa mito, nikamgeuza mara kwa mara, nikampiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa ili makohozi yatoke. Nilimfundisha mama kupiga vilevile, akapiga vizuri, kwa mdundo wa mtu anayepepeta nafaka. Tulikuwa tukipokezana. Hatukuzungumza habari ya kupona wala ya kutopona. Kila niliposhika mkono ule wenye moto nilihesabu pumzi, nikaona ni nyingi mno, nikamrudishia mama uso usiosema chochote. Kulikuwa na asubuhi moja nilipofika mlangoni mwa wodi nikasimama, sikuweza kuingia, hadi nilipomsikia akikohoa ndani.

Homa ilipovunjika, ilivunjika kwa jasho lililolowesha shuka. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nikibadilisha matandiko, mama yuko nje anafua, mtoto kalazwa kwenye kitanda cha jirani akilia. Binti akageuza macho.

"Mbona analia huyo?" akasema.

Sauti ilikuwa imekauka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Nilimchukua mtoto nikamlaza kifuani kwake. Nilipotoka, mama aliniona, akaninyooshea kidole mapema nisiseme. Basi nikampokea nguo alizokuwa akifua, nikamwonyesha mlango kwa kichwa.

Daktari alitaka kuiacha tiba ile kabisa. Nilimbishia, kwa kuwa nilikwishaona wanaoachwa katikati wanavyorudi kunyamaza. Alikubali tusubiri mapafu yapone kisha tuendelee, lakini akaniuliza, "Utajuaje kwamba hajala? Mama hasemi."

"Hatasema," nikamjibu. "Ataonyesha."

Nilikwenda kwa mama tukapatana. Yeye asubuhi ya tiba asipike wala asile hadi binti atoke, nami pia sitakunywa chai. Na bakuli lake liwe dirishani, mbele ya macho yangu. Kama binti hakuonja kitu tangu jioni, bakuli lilale kifudifudi. Akionja hata tone, liwe wima. Hakuna atakayeulizwa, hakuna atakayejibu. Mama akalichukua bakuli, akaligeuza kifudifudi, akaliinua tena.

"Bakuli halisemi," akasema.

"Halisemi, mama."

Tangu siku hiyo nilipita dirishani kabla ya kusalimia mtu. Siku moja bakuli lilikuwa wima, na tiba ikaahirishwa bila maneno, mama akitazama pembeni, mimi nikitazama pembeni, na binti kitandani akitushangaa wote wawili. Utaratibu ule niliuanzisha mimi. Baadaye niliutumia kwa wagonjwa wengine wa vijijini, na haukufundishwa Uingereza.

Hofu haikuniisha. Kila mara kimya kile kilipokuja baada ya umeme nilisikia tena sauti ya chungu, nikashika taya kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Mhudumu alikuwa akiniambia, "Mama Ulaya, utamvunja," nami nikilegeza kidogo tu.

Siku waliyoondoka niliwasindikiza stendi. Binti alimbeba mwanawe mgongoni mwenyewe. Alikuwa bado mwembamba, na kuna mambo ya miezi ile ambayo hakuyakumbuka na hayakumrudia, lakini alibishana na utingo kuhusu mzigo wao hadi akashinda. Bakuli lilikuwa ndani ya mzigo huo. Mwanamke mmoja wa huko kwao, aliyekuwa akisubiri basi lilelile, akamtambua mama, akauliza kwa sauti ya watu wote:

"Dada, hee, mgonjwa anaendeleaje?"

Binti alikuwa amesimama palepale, akicheka na mtoto. Mama akaweka vizuri kanga yake.

"Vilevile," akasema.

Yule mwanamke hakuridhika. Akaniangalia mimi mwenye sare nyeupe, akingoja niseme. Nilikuwa na mengi ya kusema, na stendi nzima ingesikia.

"Ndiyo," nikasema. "Vilevile."